Kumbikumbi Kwenye Meza ya Alice Adams

Nyumbani kwetu Kigoma hakuna anayebisha kuhusu Katharine Hepburn mwenyewe. Marehemu baba alituachia sanduku zima la filamu zake, kwanza kanda za video, baadaye diski, na tulikua tukimwona yule mama mwembamba, mwenye mashavu yaliyochongoka na sauti ya kukwaruza, akizeeka na kurudia ujana kulingana na diski iliyoingizwa kwenye deki. Ubishi wetu ni wa mpangilio: ipi ikae ya kwanza, ipi ifuate, na ipi ilipewa tuzo bila kustahili. Ubishi huo ulipamba moto juma lile lile ambalo ukoo mwingine ulikuwa unakuja kumposa mdogo wangu, na ndiyo maana mambo haya mawili siwezi kuyasimulia mbalimbali.

Mjomba ndiye mkali kuliko wote. Alifanya kazi bandarini hadi kustaafu, na kwake orodha yoyote isiyoanza na The African Queen ni orodha ya watu wasiolijua ziwa lao. Hoja yake ina uzito. Filamu hiyo ya mwaka 1951, ambayo John Huston aliitoa kwenye riwaya ya C. S. Forester ya 1935, inasimulia habari za Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914. Hepburn ni Rose Sayer, dada wa mmisionari. Kaka yake anapofariki anapanda kimashua cha mvuke cha Charlie Allnut, yaani Humphrey Bogart, na kumshawishi washuke mto mpaka ziwani wakailipue meli ya kivita ya Wajerumani, Louisa. Meli inayosemwa ndiyo iliyompa Forester wazo hilo ni Graf von Götzen, na hiyo kila mtoto wa Kigoma anaijua kwa jina la Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa kwetu. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isiangukie mikononi mwa adui, wakiwa wamezipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi majini ikiwa na jina jipya.

"Sasa wewe, mwanangu," Mjomba huniambia, "filamu ya meli yetu utaiweka ya tatu?"

Naiweka ya tatu. Tena namkumbusha jambo linalomuudhi, kwamba kamera za Huston hazikulifikia Ziwa Tanganyika. Walipiga picha kwenye mto Ruiki huko Kongo, na upande wa Uganda wakapiga Butiaba, kwenye ufuko wa Ziwa Albert, na Murchison. Sehemu nyingine zikamaliziwa studio, London. Lakini kazi ya Hepburn humo siipunguzii hata chembe. Maji ya kunywa yalimwangusha akaugua tumbo vibaya, wakati Huston na Bogart, waliokuwa wakishushia wiski, walibaki wazima. Picha za kanisani, anapopiga kinanda huku jasho likimtiririka, alizipiga na ndoo ya kutapikia ikiwa karibu. Huston alimshauri amfikirie Eleanor Roosevelt, tabasamu lake alipokuwa akiwatembelea askari majeruhi, na kutokana na hapo Rose akaupata uso wake. Tazama wanapovuka maporomoko ya kwanza. Nguo zimelowa, nywele zimefumuka, Allnut anadhani mama huyu wa kanisa sasa amekoma, kumbe uso wake umewaka. Anataka tena. Maneno anayoyatamka ni ya adabu, ya mtu aliyelelewa na biblia na chai ya saa kumi, lakini macho yanasema kwamba amegundua ana mwili. Kwa pale tu Mjomba angekuwa na haki ya kuniita mkaidi.

Mama yeye, kwa kuwa posa ilikuwa mlangoni, aling'ang'ania Guess Who's Coming to Dinner ya Stanley Kramer, ya mwaka 1967. Binti wa Kizungu anamleta nyumbani daktari mweusi, Sidney Poitier. Wanataka kuoana, na kabla siku haijaisha wazazi wa pande zote mbili wamekutana kwa chakula cha jioni. "Hiyo ndiyo posa," Mama alisema. "Wazee wote ndani ya nyumba moja, na la kusemwa lisemwe. Wataka nini zaidi?" Spencer Tracy, anayecheza baba wa binti, alikuwa mgonjwa sana. Ilikuwa filamu ya tisa ya Tracy na Hepburn pamoja, na walikuwa wamependana robo karne bila ndoa. Tracy alifariki tarehe 10 Juni, siku 17 baada ya kumaliza kazi yake. Katika hotuba yake ya mwisho tunamwona Hepburn akimtazama, machozi yamejaa. Mama anasema pale hakuna uigizaji, na kwa sababu hiyo anaipa nafasi ya kwanza. Mimi kwa sababu hiyo hiyo naishusha: anayelia pale ni Katharine, si mama wa yule binti. Ni machozi ya kuheshimiwa, na mwenyewe hakuwahi kuitazama filamu hiyo ilipokamilika. Ila tunapopanga kazi ya sanaa tupange sanaa.

Kisha akashuka Mama Mdogo kutoka Dar, na sanduku la sahani nyeupe, vitambaa vya meza na maamuzi. Yeye anapamba kumbi za harusi, na filamu yake ni The Philadelphia Story. Simlaumu. Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walitangaza gazetini majina ya nyota waliowaita sumu ya mauzo, na Hepburn alikuwamo, pamoja na Greta Garbo, Joan Crawford na Marlene Dietrich. Akaununua mkataba wake na studio, akarudi jukwaani New York na mchezo ambao Philip Barry alimwandikia, na haki za kuufanya filamu tayari alikuwa nazo mkononi, kwa msaada wa Howard Hughes. Aliyetaka filamu ilibidi amchukue na yeye. Ilipotoka mwaka 1940, na Cary Grant kushoto na James Stewart kulia, sumu ilikuwa imegeuka dawa. "Mwanamke aliyejipandisha mwenyewe," Mama Mdogo alisema, na tayari alikuwa anapima meza yetu kwa futi.

Mimi nasimama na Alice Adams, ya mwaka 1935, na usiku mmoja kabla ya posa niliwakalisha wote sebuleni tuitazame.

Alice ni binti wa mji mdogo wa Marekani. Baba yake ni karani anayeugua, mama analalamika mchana kutwa kwamba umaskini wa mume unamkosesha binti bahati, kaka anacheza kamari. Alice anataka aonekane mtu wa hadhi. Kwenye dansi ya matajiri anakwenda na gauni la misimu iliyopita na kishada cha maua aliyoyachuma mwenyewe; maua yananyauka mkononi, anayaficha chini ya kiti, kisha anakaa peke yake akijifanya kuna mtu anamsubiri. Anarudi nyumbani, anamtabasamia mama yake, anasema ilikuwa nzuri, anafunga mlango wa chumba, anasogea dirishani. Mvua inateremka kwenye kioo na ndipo uso unapoachia. Mwongozaji George Stevens aliiacha kamera nje ya kioo, na Hepburn hakuupamba ule uchungu kwa lolote. Bado alikuwa hajafikisha miaka thelathini.

Halafu kinakuja chakula cha jioni. Arthur Russell, kijana mwenye uwezo, anayechezwa na Fred MacMurray, amealikwa nyumbani. Usiku una joto la kutisha. Mama wa Alice ameandaa supu ya moto na vyakula vizito, na zile kabichi ndogo ndogo za kizungu zinanuka nyumba nzima. Baba amevalishwa shati gumu la sherehe, na kifua cha shati kinafumuka chenyewe kila anapokaa. Amekodiwa mtumishi wa usiku mmoja, Malena. Kofia imemwendea upande, anatafuna, anazungusha sahani kwa mwendo wa mtu aliyechoka tangu asubuhi. Na katikati ya hayo Alice anaongea. Anaongea bila kuvuta pumzi, anacheka kabla ya mzaha kufika, anamsifia baba, anaisifia supu, vidole havitulii. Hepburn anatuonyesha kitu ambacho waigizaji wengi hukificha: kazi ya kutabasamu. Unauona msuli ukilishikilia tabasamu, unauona ukitetemeka, na kuna mahali macho yanamkimbilia Russell kwa sekunde moja kuuliza kama ameshajua. Ameshajua. Naye anaongeza maneno.

Malena ni Hattie McDaniel, ambaye mwaka 1940 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa Oscar, kwa Gone with the Wind. Filamu inamtumia ili watazamaji wacheke, na Hollywood ya siku zile iliwafungulia wanawake weusi mlango wa jikoni tu. Hilo linaniuma kila ninapoitazama. Lakini dada anayetusaidia kazi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, alisema jambo ambalo limebadili namna ninavyoiona sehemu hiyo. "Huyo ndiye mwenye akili humo ndani," alisema. "Joto lote hilo, supu ya nini?" Kweli kabisa. Malena ndiye pekee asiyeigiza mezani pale, na McDaniel anamcheza akijua hivyo. Kila akiingia, uongo wa nyumba unazidi kuonekana, na Alice inabidi apandishe sauti kuufunika. Ni waigizaji wawili wanaobeba sehemu ile, mmoja kwa kusema mno na mwingine kwa kutosema.

Mama Mdogo alitazama yote hayo, akapangusa machozi, na asubuhi akatangaza kwamba wageni wataanza na supu.

Ilikuwa Novemba, mvua ndiyo kwanza zimeanza. Wageni walitarajiwa baada ya magharibi: mshenga mwenyewe, mzee wa makamo ya babu, na shangazi wawili wa kijana. Mama alitaka pilau na migebuka ya kukaanga, basi. Mama Mdogo alitaka supu ya kuku iliyochujwa, saladi, pilau, na mwisho aiskrimu. Friji ilikuwa haina habari na aiskrimu, maana umeme ulikatika saa sita mchana ukarudi saa tisa, na saa kumi na moja ukaondoka tena. Gesi nayo iliisha pilau ikiwa bado ina maji. Mkaa ulikuwa uani na mvua imeunyea. Dada akalisogeza jiko kwenye baraza ya nyuma, akapuliza makaa mabichi yale mpaka macho yakawa mekundu, na upepo wa ziwani ukauchukua moshi wote na kuuingiza sebuleni, juu ya vitambaa vyeupe vya Mama Mdogo.

"Fungeni mlango wa nyuma!"

"Tukifunga, jiko linazimika, Mama Mdogo."

"Basi fungeni madirisha, mvua inalowesha mapazia!"

Tukafunga madirisha. Ndani kukawa joto la kupikia. Mjomba, aliyevalishwa koti la suti la marehemu baba, alikuwa anavuja jasho na kuuliza kila baada ya dakika kama anaweza kubaki na kanzu. Ndipo hodi ikabishwa.

Waliingia, wakapokewa, shikamoo zikapita, wakakalishwa. Taa ya sola ilitundikwa juu ya meza, ndiyo peke yake iliyokuwa ikiwaka mtaa mzima. Supu ikaletwa, inafuka. Shangazi mmoja akajipepea kwa bahasha. Mama akasema, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, kwamba afadhali madirisha yafunguliwe wageni wapate hewa. Mvua ilikuwa imekatika. Tukayafungua, na kumbikumbi wakaingia.

Aliyekulia kwetu anajua. Mvua ikikatika jioni wanatoka ardhini kwa maelfu na kuifuata taa, na taa ilikuwa moja. Waliifunika. Wakaanza kudondosha mbawa, mbawa zikatua kwenye saladi, kwenye mabega ya suti, kwenye nywele zilizosukwa tangu asubuhi. Kisha wakadondoka wenyewe, na chini ya taa palikuwa na bakuli za supu. Mama Mdogo alisimama na upawa hewani.

Mdogo wangu alikuwa ndio kwanza ameitwa aje awasalimie. Alipiga magoti, akasalimia, akaona meza. Akaanza kuongea. Mvua za mwaka huu zimewahi, jamani, poleni na safari, barabara si mbaya lakini? Supu hii Mama Mdogo ameileta na mapishi yake kutoka Dar, huko ndivyo wanavyoanza. Alicheka. Akaondoa mbawa kwenye kikombe cha shangazi bila kuacha kuongea, na sauti ilikuwa inapanda. Nilimtazama usoni nikauona msuli ule. Hakuna aliyemfundisha. Hepburn, mtoto wa daktari wa Hartford, Connecticut, asiyepata kuionja shida ya akina Adams, aliupata vipi uso huu ulioko mbele yangu, wa binti wa Kigoma anayeposwa huku wadudu wakiogelea kwenye supu? Hapo ndipo ninapopimia ukubwa wa mwigizaji, wala sihitaji kipimo kingine.

Aliyemnusuru mdogo wangu ni yule mzee mshenga. Alichovya vidole kwenye bakuli, akatoa kumbikumbi mmoja, akamkung'uta mbawa.

"Kwani hawa mnawatupa?" aliuliza. "Mimi mtu wa Kibondo. Nileteeni beseni la maji."

Dada alikuwa ameshalileta kabla Mama Mdogo hajapinga. Likawekwa chini ya taa pahali pa sahani za aiskrimu, kumbikumbi wakalifuata mwanga wao majini, na mzee akakunja mikono ya kanzu. Shangazi wakavua mitandio ya juu na kusogea. Mjomba akavua koti. Wakakaangwa kwenye kikaango kikavu na chumvi, juu ya makaa yale yale yaliyokuwa yanatutoa machozi, tukala kwa mkono tukisubiri pilau ikauke, na migebuka ikafuata. Mdogo wangu alikuwa amenyamaza. Kisha alicheka tena, na kicheko hiki kilitoka chini, kikamkatisha mzee katikati ya hadithi, na hakuna aliyejali.

Barua ilisomwa, majibu yakaahidiwa, wageni wakasindikizwa. Umeme uliporudi, usiku umekwisha kuwa mwingi, hakuna aliyekwenda kulala. Mjomba alidai orodha ikamilishwe na akachukua kalamu na mgongo wa kalenda ya zamani.

Mimi niliisimamia hivi. Alice Adams kwanza. Mwaka ule iliteuliwa kwa Oscar, na Bette Davis akaichukua kwa Dangerous. Haidhuru, maana mpangilio wa tuzo na mpangilio wa ubora kwa Hepburn havijawahi kwenda pamoja. Alipewa Oscar nne za mwigizaji bora wa kike, zaidi ya mwigizaji yeyote, na ya kwanza, kwa Morning Glory ya 1933, mimi siiweki hata katika kumi. Mdogo wangu aliitetea Summertime, filamu ya David Lean ya 1955, kwa sababu ya yule karani wa Akron, Ohio, anayekaa peke yake kahawani Venice na kukiinamisha kiti cha jirani ili ionekane kuna mtu anakuja. Ni Alice yule yule, miaka ishirini baadaye, bila mama wa kumtabasamia. Kwa ajili ya picha moja Hepburn alitumbukia mwenyewe kwenye mfereji mchafu wa mji ule, akapata maradhi ya macho yaliyomsumbua maisha yake yote. Nikakubali iwe ya nne.

Ya pili ni Long Day's Journey into Night, ya Sidney Lumet, 1962, kutoka kwenye tamthilia ya Eugene O'Neill. Siku moja ya Agosti 1912, nyumba moja karibu na bahari, baba, mama, vijana wawili. Mama, Mary Tyrone, amerudia mofini na wote wanaogopa kulisema. Angalia mikono. Imeharibiwa na baridi yabisi, na Hepburn anaificha, anaitoa, anaisahau, anaiona tena kana kwamba si yake, na kwa mikono hiyo peke yake unajua saa ngapi amepanda ghorofani na kurudi. Mama hakutaka kuizungumzia filamu hii usiku wa posa, na nilimwelewa. Eleanor wa The Lion in Winter, yule malkia anayetolewa kifungoni Krismasi ya mwaka 1183 aje kugombana na mumewe na wanawe, alipata ya tano bila mabishano. Oscar ile ya 1968 aligawana na Barbra Streisand na aliistahili, hasa kwa pale anapobaki peke yake na kioo.

Ugomvi wa kweli ulikuja kwenye Woman of the Year ya 1942, filamu ya kwanza aliyocheza na Tracy. Mwongozaji ni Stevens yule yule, na mwishoni kuna jikoni tena. Mwandishi mashuhuri wa gazeti, mwanamke anayezungumza lugha kadhaa, anajaribu kumpikia mume staftahi. Kahawa inafurika, unga unaumuka na kumwagika, mikate inaruka. Mwisho huo ulipachikwa baada ya ule wa kwanza kuonyeshwa kwa watazamaji na kukataliwa. Mjomba anaupenda. Dada, aliyekuwa bado anakwangua sufuria ya pilau iliyoungua, alitikisa kichwa. "Mtu mzima, ana macho, ana pua, aache kahawa imwagike hivyo? Wanamsingizia." Nakubaliana naye kwa moyo wote. Meza ya Alice inaanguka kwa sababu watu wote pale wanajitahidi, na tunaumia nao. Jiko la Woman of the Year linafurika ili mwanamke hodari ashikishwe adabu, na Hepburn, anayejua vizuri zaidi, analazimika kujifanya hajui. Nikaifuta kwenye kalenda. Mjomba akairudisha. Nikaifuta.

Majibu ya posa tulishayapeleka na tarehe ya mahari imepangwa. Jana mshenga alimpigia Mjomba simu kuhusu idadi ya watu, na mazungumzo yakahamia kwenye meli. Kumbe marehemu kaka yake alikuwa fundi wa injini kwenye Liemba, na filamu ya Rose Sayer hajawahi kuiona. Mjomba amemwalika, yeye na shangazi wote wawili, na sasa anasema kura irudiwe wote wakiwapo. Sina neno. Wataitazama The African Queen mpaka mwisho, kisha nitawaomba wakae kidogo niwawekee chakula cha jioni cha akina Adams, na supu hatutapika.